Mkono wa Tatu

Bomba lilipasuka Januari, baridi ya nyuzi thelathini na tano chini ya sifuri,
usiku ambao Saskatoon yote hunyamaza kama mtu aliyejiuma ulimi.
Asubuhi ukuta wa chumba cha kufulia ulikuwa umeota tumbo.
Niliugusa, kidole kikazama
kama kwenye mkate uliolowa chai.

Baba alikuja na kiti chake cha kukunja.
Nestor Hryhorchuk, miaka arobaini na mmoja akinyoosha kuta za watu,
na siku hizi hata kijiko kinamtetemekea mkononi.
Alikaa kati ya mashine na ndoo.
"Kata," akasema. "Usikate panapoishia maji.
Kata panapoanzia ukavu."

Nikakata. Sufi ya kioo ikatoka ikichuruzika,
nzito kama kondoo aliyetoka kuogeshwa.
Nyuma yake, kwenye nguzo ya msonobari, penseli:
inchi kumi na nne na nusu, imefutwa;
inchi kumi na nne na robo, imepigiwa mstari;
na chini, mwandiko wa mama ulioinama upande:
*Nestor, chakula kinapoa.*

Sikumsomea. Tangu mazishi
hatukuwa tumekaa chumba kimoja kwa zaidi ya saa moja.

Siku nane feni ilivuma, nguzo zikakauka.
Siku ya tisa, bodi mpya ikiwa imeegemea mlango,
alitoa penseli nyuma ya sikio, akaninyoshea.
"Mjibu kabla hatujafunga."
"Niandike nini?"
Alifikiri kwa muda mrefu, kama mtu anayepima mara mbili.
"Andika tumekula."

Bodi ya jasi hubebwa kama mlevi:
haikusaidii kunyanyuka, na ukiiachia inavunjika yenyewe.
Niliibana kwa goti, kwa bega, kwa paji la uso,
skrubu nne nimezing'ata menoni.
"Izame kidogo, isichane karatasi.
Karatasi ndiyo ngozi. Ukiichana
umekaza skrubu kwenye unga."
Nilichana saba.
Alizihesabu kwa sauti.

Watu husema usipoziba ufa utajenga ukuta.
Sisi tulijenga ukuta kwanza,
ndipo tukabaki tunatazamana na nyufa zake.

Kazi hii huhesabiwa kwa mikono.
Mkono wa kwanza ni wa utepe: uji wa jasi mzito kama mtindi,
utepe juu yake, mwiko ukitembea bila kusitasita,
maana hewa ukiifungia chini
itarudi kudai nafasi yake, hata baada ya rangi.
Mkono wa pili ni mpana zaidi.
Pale bodi mbili zilipogongana vichwa palikuwa na kigongo,
nami nikataka kukikwangua.
"Kilima hakiondoki kwa kukikata," akasema.
"Kirefushie mteremko mpaka jicho lichoke kupanda."

Mkono wa tatu aliuomba mwenyewe.
Alisimama. Nilishika ndoo, sikushika kiwiko chake,
ingawa kiwiko changu mwenyewe kilitaka.
Futi mbili alizipita, pumzi ameibana,
halafu akazima taa ya dari
na kulaza tochi ubavuni mwa ukuta.

Mwanga wa ubavuni hauna haya.
Kazi yangu ilionyesha vishimo viwili na mchirizi mmoja.
Yake ilionyesha mawimbi, madogo, ya karibu karibu,
kila mtetemo na mahali pake.

Alitazama. Akakunja kiti.
"Hapo pige msasa," akasema, akaenda kuvaa viatu vyake vya theluji.

Nilipiga msasa kutwa nzima.
Vumbi jeupe liliingia kwenye nyusi, kwenye sukari,
kwenye kola za mashati yaliyokuwa safi.
Nilisugua mchirizi wangu, nikasugua vishimo vyangu,
nikafika kwenye zile futi mbili,
nikazifuta vumbi kwa kitambaa chenye unyevu,
nikafungua kopo la rangi.

Saa kumi jioni jua huingia chini chini dirishani
na ukuta, pale juu ya mashine, hutetemeka kidogo.
Fundi wa mashine alipouona juzi
aliniuliza nani kaniharibia kazi.
Nikamwambia bomba liko nyuma yako.